Ndege Ambayo Nasoro Hakuigonga

Benchi ya Hamissi muuza kahawa ilikuwa pale Rumonge, barabara ya Bujumbura inapopakana na soko, na harufu ya mawese haikuondoka hata mvua ikinyesha. Mwaka wa 1972 ulikuwa bado mchanga, mwezi wa kwanza, kabla ya mauaji ya mwezi wa nne, na benchi ilikuwa na watu wake wote. Laiti mtu angeweza kuirudisha asubuhi ile moja tu! Asmani, fundi wa pikipiki aliyeitwa Pistoni, alikaa upande wa kivuli. Abdul, aliyeitwa Radio kwa kuwa hazimiki, alijitandaza katikati. Pembeni alijiinamia Nasoro, mwenye mitumbwi ya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa, ambaye kesho yake alitakiwa kupanda ndege kwenda hija. Hofu ilikuwa imemkaa rohoni tangu alfajiri.

— Siendi, akasema Nasoro. Nafasi yangu wampe mwingine.

— Muzee! Pistoni akashtuka. Mutu anakataa hija?

— Sikatai hija, nakataa ndege. Mi tangu nizaliwe sijapanda chombo chenye sijakigonga kwa mukono yangu.

Ilikuwa kweli, na ufuo mzima ulijua. Kila jioni, kabla mitumbwi yake haijasukumwa majini, Nasoro aliizunguka akigonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, akinusa esansi, petroli ya moteri, akivuta kamba na kuisikiliza moteri inavyopumua. Watu walimtania kwamba anaiswalisha.

— Piloti naye anagonga, akasema Pistoni. Munakumbuka ile ndege ndogo ya Uhuru?

Nani asingeikumbuka! Mwaka wa sitini na mbili, juma la bendera mpya, ngoma zikilia mpaka kijiji cha Gatete na nyama ikigawiwa bure, ndege ilitua kwenye majani karibu na ziwa. Mama yake Nasoro alikuwa hai bado, akang'ang'ania apelekwe kuigusa bawa, akacheka kama msichana. Nasoro alitamani siku ile irudi.

— Asubuhi piloti aliizunguka, Pistoni akaendelea. Akashika mabawa, akachungulia moteri. Akatoa esansi kidogo mu kilauri, akainua kwa jua, akamwaga. Anatafuta maji. Maji iko nzito, inakaa chini ya tangi. Moteri ikiinywa wakati wa kuruka, inakohoa, na pale hakuna pa kuegesha.

— Uongo! Radio akadakia. Ile ni tambiko. Ardhi iko na wivu. Chombo kikitaka kuiacha, kinainywesha kwanza.

— Inyweshwe esansi? akauliza Pistoni.

— Ulitaka aimwagie pombe? Halafu ilewe?

Hamissi akajaza vikombe. Kwa kila jambo alikuwa na methali, na kila methali aliitia mahali pasipo pake.

— Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kilauri leo, kilauri kesho, tangi inakauka. Njo maana ndege zinazimika hewani!

— Sasa wasikague? akauliza Nasoro.

— Wakague. Lakini haraka haraka haina baraka. Pale inaporuka, ikimbie polepole.

— Ikikimbia polepole haiwezi kuruka, we Hamissi! akasema Pistoni.

— Basi si itakuwa salama?

Radio akaona anapitwa.

— Binamu yangu iko Bujumbura, karibu na uwanja ya ndege. Anasema ndege ikifika mwanzo wa njia yake inasimama, inanguruma papo hapo, haiendi.

— Piloti amekaza freni, anajaribu moteri, akasema Pistoni. Sauti ikimukataa, anarudi.

— Hapana! Anangojea mwenye kuogopa ashuke.

Nasoro akainua kichwa haraka.

— Kwani pale iko mulango?

Benchi nzima ikaangua kicheko. Nasoro hakucheka. Aliona haya, lakini hofu ilizidi haya. Mama yake alikufa akiitaja Maka, na nani alimhakikishia yeye kwamba mwaka kesho atakuwa hai?

Hapo akatokea Mwanvua, mke wa mmoja wa wavuvi wake, beseni la ndagala kichwani. Hakuwa mtu wa kusimama kijiweni.

— Amahoro, wazee. Muzee Nasoro, nimekuja kabla hujaenda. Ukifika kule umuombee bwana yangu. Ziwa siku hizi iko mubaya.

— Haendi, akasema Radio. Ati ndege hakuigonga.

Mwanvua akatua beseni. Akamtazama Nasoro kwa heshima, bila kucheka.

— Muzee, bwana yangu anakesha mu mutumbwi yako kila siku. Iko siku alikuuliza kama uliigonga?

Radio akazimika. Nasoro alirudi nyuma kimawazo mwaka hadi mwaka, akawaona vijana wake wakirukia ndani na mablanketi yao, wakitaniana, hata hawamwangalii. Hakumkumbuka hata mmoja aliyeuliza. Moyo ulimuuma, kisha ukamjaa mapenzi kwa wale watu, mapenzi ambayo hakujua kuwa anayo.

Akasafisha koo.

— Mama mukwe yako anaitwa nani? akauliza. Nikimuombea bwana yako kule, nataka nimutaje vizuri, kwa jina ya mama yake, vile dua inataka.