Wiki Kumi na Sita za Rula

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha kigae usiyumbe. Meza yangu ya kuchonga funguo iko pembeni yake, kwa hiyo kila kinachosemwa pale nakisikia, nitake nisitake. Wenyewe ni wale wale: Mwalimu, aliyefundisha hesabu hadi akastaafu na bado anasahihisha watu; Injinia, fundi wa redio na feni ambaye chuo alikipita kwa nje; na Spika, mpakiaji wa mizigo ghalani, ambaye akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Mama Kahawa anamimina, na akichoka na mjadala anaukata. Mwenzetu mwingine ni fundi cherehani wa chumba cha ng'ambo ya barabara, mwenye miaka thelathini na mitatu. Tulimwita Rula, kwa sababu shingo yake haigeuki. Ukimwita kwa nyuma anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Alhamisi ile asubuhi mlango wake ulikuwa na kufuli, na yeye si mtu wa kufunga siku ya kazi.

Spika: Kaitwa hospitali. Nimemwona alfajiri, kavaa shati la kupigia picha.

Mwalimu: Alhamisi si siku yake ya sindano.

Spika: Si sindano. Ule utafiti umekwisha, leo wanaambiwa nani alichomwa nini.

Injinia: Wangeniuliza mimi wasingehangaika. Tatizo la Rula ni kiti. Mtu anakunja mgongo kwenye cherehani miaka yote hiyo, spring za uti zinalegea.

Mama Kahawa: Mgongo una spring?

Injinia: Mama, kila kinachojikunja kina spring.

Spika: Hapana, ni godoro. Mimi nalala chini, nabeba magunia kutwa, na mgongo wangu mzima.

Mwalimu: Juzi ulikuwa unalia kiuno.

Spika: Kiuno ni kiuno. Tunazungumzia mgongo.

Injinia: Haya, tuseme si kiti. Damu wanayomtoa kila mara inakwenda wapi? Watu wale wamesoma, hawachukui kitu bure. Mimi nasikia inakwenda kiwanda cha betri. Damu si ina chuma?

Spika: Kwa hiyo simu yangu ina Rula ndani?

Injinia: Ndiyo maana inachelewa kuamka asubuhi.

Tukacheka wote. Mimi nilicheka halafu nikaona aibu, kwa sababu nilimjua Rula kabla hajawa Rula.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili tu ugonjwa ulipomwanza. Usiku wa manane maumivu yanamwamsha, asubuhi mgongo umekakamaa kama umemwagiwa zege. Mkewe ndiye aliyekuwa akimvalisha soksi. Ikifika saa sita mchana, baada ya kuzungukazunguka, kidogo unalegea, na sisi tukimwona mchana tulisema anadeka. Alizunguka kila mlango. Huku aliambiwa ni figo, kule ni taifodi, kwingine mawazo. Wengi walimwambia apumzike, naye kila alipopumzika akazidi kuumia. Alipimwa damu kutafutwa alama fulani ya ugonjwa, ikaonekana hana, akarudishwa nyumbani kama mtu aliyetaka tu cheti cha likizo. Miaka tisa.

Hadi akakutana na daktari mmoja mwanamke, mdogo kwa umri kuliko yeye. Hakumwambia alale kitandani. Alimuuliza swali moja: ukipumzika maumivu yanapungua au yanazidi? Rula akajibu, yanazidi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Daktari akamwingiza kwenye mashine kubwa ya picha, na picha ikaonyesha viungo vya nyonga na uti vinawaka. Ugonjwa una jina refu, ankilosingi spondilaitisi. Spika hulitamka kila siku kwa namna mpya. Kwa lugha yetu, ni baridi yabisi ya uti wa mgongo: kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mgongo wenyewe, na baada ya miaka pingili zinashikana.

Kufika saa nne tukamwona anakuja, taratibu, kichwa juu.

Rula: Habari za hapa.

Spika: Acha habari. Ulikuwa kundi gani?

Rula: Niketi kwanza.

Mama Kahawa akamsogezea kikombe. Utafiti wenyewe tulikuwa tumeshaeleweshwa. Dawa ipo, inachomwa chini ya ngozi, na kwingine imesaidia watu. Lakini wengi waliojaribiwa huko walikuwa na ile alama kwenye damu, na huku kwetu wagonjwa wengi hawana. Daktari alitaka kujua kama itawasaidia na hawa. Akakusanya watu sitini. Nusu wachomwe dawa, nusu maji ya chumvi, kwa wiki kumi na sita, na asijue mtu nani kapata nini. Baada ya hapo wote wapewe dawa. Vidonge vyao vya maumivu na mazoezi viliendelea kwa kila mmoja.

Rula: Maji.

Spika: Maji nini?

Rula: Nilikuwa kundi la maji.

Spika alisimama. Kikombe chake kilimwagika kwenye viatu vya Mwalimu na hakuna aliyejali.

Spika: Wiki kumi na sita wamekuchoma maji! Na wewe unakuja hapa unakunywa kahawa!

Rula: Nifanye nini, ninywe maji tena?

Injinia: Daktari alijua. Haiwezekani asijue. Angeonja.

Mama Kahawa: Aonje sindano?

Injinia: Tone moja tu kwenye ulimi. Chumvi inajulikana.

Rula: Hakujua. Wala muuguzi aliyenichoma hakujua. Orodha ilikaa kwa watu wengine, imefungwa. Imefunguliwa juzi.

Mwalimu: Wiki ya tisa je? Si ndiyo ile ulishindwa kutoka kitandani?

Wiki ya tisa tulikuwa tunaijua sote. Mkewe alikuja pale benchini, mwanamke ambaye kwa kawaida hupita na salamu tu, akatuomba tumsihi mumewe ajitoe. Alikuwa na haki ya kujitoa siku yoyote, waliandikiana hivyo. Siku ile Spika alimwambia shemeji kwamba Rula anafanywa panya wa majaribio.

Rula: Mke wangu alilia. Akaniambia, baba, kama ni dawa ungeshapona, hiyo si dawa. Na kumbe alikuwa sahihi. Kesho yake akanishika mkono tukaenda kwenye sindano.

Spika: Kwa nini? Nieleze mimi nisiyesoma. Kwa nini ulikwenda?

Rula: Kwa sababu ya ile karatasi ya damu. Miaka tisa naambiwa sina kitu kwa sababu karatasi imesema hapana. Nikajiambia, nikijitoa mimi, na mwingine akajitoa, hesabu ya daktari itaharibika, na atakayekuja nyuma yangu atapewa karatasi ile ile. Wiki kumi na sita ni nini?

Mwalimu: Miaka tisa ni wiki mia nne sitini na nane.

Hakuna aliyemcheka kwa kusahihisha.

Mama Kahawa: Na daktari kasemaje leo?

Rula: Ametuita mmoja mmoja. Kile chumba chake kidogo, feni inapiga kelele, mafaili mpaka chini ya meza. Akafuata jina langu kwa kidole. Akafika, akaacha kidole hapo hapo. Halafu akasema, wiki ya tisa uliingia hapa umeshikwa na mkeo, nami nikakwambia vumilia, na ulikuwa unachomwa maji. Machozi yakamlengalenga.

Injinia: Ukamwambia nini?

Rula: Nikamwambia, daktari, mngetupa dawa wote mngejuaje kuwa ni dawa? Akacheka huku anajifuta. Akasema hilo alilisoma chuoni kwa kurasa arobaini.

Spika alikaa.

Rula: Yule daktari msimwone mdogo. Karatasi za maswali zilipokuja, maneno yalikuwa ya kigeni hata wakiyatafsiri. Akatukalisha wagonjwa, siku ya mapumziko yake, anauliza: hii hali ya asubuhi nyinyi mnaiitaje? Mmoja kasema kuganda, mwingine kufa ganzi. Mimi nikasema kukakamaa. Akaandika. Sasa kila atakayepimwa ataulizwa, asubuhi unakakamaa kwa muda gani?

Mwalimu: Kwa hiyo neno lako limo kwenye utafiti.

Rula: Limo. Na mazoezi alikuwa anatuonyesha mwenyewe, amelala sakafuni na koti lake jeupe. Huyo ni daktari bingwa.

Injinia: Matokeo sasa. Dawa imefanya kazi?

Rula: Waliopata dawa, zaidi ya nusu maumivu yalipungua kwa nusu. Wa maji, wachache. Na wapo ambao dawa haikuwasaidia kitu. Hao daktari anasema ndio atakaowafuatilia sasa, hataki kuwaacha. Mimi tangu nianze ya kweli, mwezi wa tano huu, soksi navaa mwenyewe.

Spika: Na shingo?

Rula: Shingo iliyokwisha kushikana haifunguki. Kaniambia wazi, hakunidanganya. Ila moto umezimika, hautapanda zaidi.

Spika akatazama chini, akakuna goti.

Spika: Kaka, mimi nilimwambia shemeji wewe ni panya.

Rula: Nilisikia.

Spika: Nisamehe.

Rula: Ulitaka nijitoe kwa sababu uliona naumia. Wengine walisema nadeka.

Hapo nikainamia funguo zangu, maana wengine hao nilikuwa mmoja wao.

Rula akamaliza kahawa yake, akainuka. Mama Kahawa akamuuliza haraka ya nini, na nguo za watu ziko ng'ambo pale.

Rula: Nataka nimwambie mke wangu mwenyewe kwamba alikuwa sahihi. Nikichelewa atasikia kutoka kwenu, na ninyi mtamwambia nilichomwa petroli.

Akaondoka. Tukamtazama hadi akapinda kona, na wote, nafikiri, tulikuwa na lile jambo moja moyoni ambalo wanaume wa benchini hawajui kulisema. Mwalimu alijaribu.

Mwalimu: Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Sijawahi kuwa namba kwenye hesabu yenye faida kama ile.

Injinia: Betri ya kweli ni ile.

Mama Kahawa: Injinia, usianze.

Kwenye meza yangu kulikuwa na mteja, dada wa miaka ishirini na saba hivi, mwalimu wa watoto wadogo pale shule ya chekechea. Alileta ufunguo wa stoo nimchongee mwingine. Nilikuwa nimeshamaliza kitambo, ufunguo uko mbele yake, na hakuuchukua. Alikuwa amesimama muda wote. Kiti nilimpa akakataa.

Dada: Samahani wazee wangu. Huyo kaka aliyeondoka, kwenye utafiti wake wanawake walikuwemo?

Injinia akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama ndani ya kikombe. Zaidi ya mwaka Rula ametusimulia kila kitu, wiki kwa wiki. Tumebishana juu ya spring, godoro, betri. Hilo hatukuwahi kumuuliza.

Injinia: Ngoja nimpigie.

Akapiga. Simu ikaita ng'ambo ya barabara, ndani ya chumba cha cherehani kilichofungwa kufuli.

Mama Kahawa: Kwa nini unauliza, mwanangu?

Dada: Mimi naamka hivyo hivyo alivyosema. Kukakamaa. Nikiwa darasani nachuchumaa na watoto, siinuki mpaka nishike meza. Nilikwenda mara nne. Wanasema ni uzazi, nina watoto wawili, ni kawaida ya wanawake.

Mwalimu: Yalianza baada ya kuzaa?

Dada: Yalianza nina miaka kumi na tisa. Sijaolewa hata. Nawaambia hivyo, wanaandika uzazi.

Simu ya Rula iliendelea kuita, maana Injinia alikuwa amesahau kukata.

Mama Kahawa akakusanya vikombe, hata cha Spika ambacho alikuwa amekijaza upya, akavimwaga.

Spika: Mama! Kahawa imekwisha?

Mama Kahawa: Imekwisha.

Spika: Birika si limejaa?

Mama Kahawa: Nimesema imekwisha.

Akafunika jiko, akajitanda mtandio, akauchukua ufunguo mezani kwangu na kumtia yule dada kiganjani.

Mama Kahawa: Watoto wanakwenda nyumbani saa ngapi?

Dada: Leo wanatoka saa sita. Nina mwenzangu darasani.

Mama Kahawa: Basi nafasi ipo. Hospitali ni dakika ishirini kwa miguu, na chumba cha yule daktari nakijua, nilimpeleka Rula siku ambayo mkewe alikuwa na homa. Twende.

Dada: Mama, sina hata barua ya kunituma. Na kama utafiti umekwisha? Wakinikatalia?

Mama Kahawa alikuwa ameshamshika mkono, wanavuka barabara.

Mama Kahawa: Wakikukatalia, watanieleza mimi kwa nini.