Pampu ya Lita Kumi na Sita

Benchi la Mzee Emorut, muuza kahawa, liko Malaba, pale malori yanapoanza kusimama yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, na jiwe moja ni fupi, kwa hivyo anayekaa upande huo hunywa kahawa akiwa ameinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Wazoefu wa hapo wana majina ambayo hayako kwenye kitambulisho. Okwakol, anayewasaidia madereva na makaratasi ya forodha, huitwa Foleni. Makokha, anayejenga matangi ya maji, huitwa Injinia, na hakuna aliyemwita hivyo kabla hajajiita mwenyewe. Egesa wa bodaboda ni Spidi, ingawa pikipiki yake husukumwa mara nyingi kuliko inavyoendeshwa. Ijumaa hiyo, saa sita na nusu mchana, Everline alifika akakaa upande wa jiwe fupi, kwa sababu ndio uliobaki, akaweka karatasi juu ya goti. Alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri na miguu yake ilijua.

— Mama Amuron, weka sahihi hapo tunywe kahawa kwa amani, alisema Foleni.

Karatasi ilikuwa barua, na barua ilikuwa fupi. Wawakilishi watatu wa wazazi wa gredi ya sita waliomba mwalimu Quinton aondolewe kwenye hesabu, arudishwe gredi ya kwanza, na watoto wapewe mwalimu wa kuwafanyisha mitihani ya zamani. Foleni alikuwa ameshaweka sahihi yake. Injinia pia, kubwa kama ramani ya kaunti. Mwalimu mkuu alikuwa amesema bila sahihi tatu hataisoma hiyo barua. Mkutano wa wazazi ulikuwa saa nane.

Everline, mwakilishi wa tatu, hakuwa na mapenzi na mwalimu Quinton. Muhula uliopita binti yake Amuron alileta karatasi ya hesabu iliyoandikwa chini ya matarajio, na mtihani wa gredi ya sita ulikuwa umebaki wiki tisa. Wiki nzima sasa mtoto huyo alikuwa akirudi nyumbani na soksi zimeloa, kwa sababu mwalimu aliwatoa darasani wakapima maji kwa mabeseni na mitungi. Lakini Everline hakuwa mtu wa kuweka sahihi kama anayefukuza nzi.

— Nitaweka, alisema. Lakini kwanza mniambie. Huyu akitoka, huyo mwingine atafundisha nini?

— Hesabu, alisema Foleni.

— Hesabu gani?

— Mama, hesabu ni hesabu.

— Nikiingia sokoni niseme nataka chakula, utanipa nini?

Spidi alicheka. Mzee Emorut akampa Everline kikombe. Siku hiyo alikuwa amepika na birika dogo, kwa sababu lile kubwa lilitoboka likapelekwa kwa fundi.

— Mzee, hii kahawa ya birika dogo itakuwa maji tu, alilalamika Injinia.

— Onja kwanza.

Injinia akaonja. Akaonja tena.

— Sikiza, mama, alisema Foleni, na akavuta shati kama anayeingia mimbarini. Mtoto wa gredi ya sita anafaa kujua kitu moja. Karatasi. Swali iko na majibu nne, A, B, C, D. Afundishwe kuangalia hizo majibu mpaka zimuogope. Shule ile ya kule juu barabarani, watoto wanafanya karatasi tatu kila siku. Hawatoki nje hata jua likianguka.

— Na wakimaliza shule?

— Wakimaliza wamepita.

— Wamepita wakaenda wapi?

— Mbele!

— Hapana, Injinia aliingilia. Mimi niliweka sahihi, lakini si kwa hiyo sababu. Mimi nasema hawa watoto wafundishwe jicho. Fundi wa kweli hapimi. Anaangalia. Mimi nimejenga matangi arobaini hapa Malaba mpaka Amukura, na futi kamba yangu iko nyumbani, watoto wanaruka nayo.

— Na matangi mangapi yanavuja? Spidi aliuliza.

— Machache.

— Ile ya kanisa?

— Ile ya kanisa haivuji. Inatoa jasho.

Hata Mzee Emorut, ambaye hucheka mara moja kwa wiki, aligeuza uso.

— Nyinyi wazee mko nyuma, alisema Spidi. Simu iko na kila kitu. Mtoto afundishwe kuuliza simu tu. Hesabu ya nini na kuna kitu inapiga hesabu yenyewe?

— Wewe Spidi huna mtoto, huna hata kuku, alisema Foleni. Unachangia kama nani?

— Kama mtu alisoma.

— Mpaka wapi?

— Mpaka pale.

— Simu ikiisha chaji? Everline aliuliza.

— Wafundishwe kuchaji.

— Na kugawanya?

— Kugawanya ifutwe, alisema Injinia, na sasa alikuwa amesimama. Kweli, ifutwe! Gredi ya tano na ya sita ni sehemu tu, sehemu tu. Robo tatu, tano juu ya nane. Ni nani hapa amewahi kukutana na tano juu ya nane? Iko wapi? Ilipita na lori gani?

— Ilipita na ile ya kwenda Kampala, alisema Foleni. Lakini nakubali. Sehemu zifutwe. Desimali pia. Hiyo nukta inachanganya watoto, wanafikiri sentensi imeisha. Hapa mpakani mtoto anahitaji kujumlisha na foleni. Malori mia mbili, geti inafungua lori tisa kwa saa, wewe wa mwisho utavuka lini?

— Lini? Everline aliuliza.

Foleni akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akavitia mfukoni.

— Inategemea unajua nani kwa geti, alisema.

Everline alinywa kahawa akainama zaidi. Saa saba kasoro. Alitoa kalamu mkobani, Foleni akaona, akasogea kumpisha mkono. Hakika hawa watu walikuwa wajinga, lakini mtihani haukuwa mjinga. Mtihani ungekuja na A, B, C, D, na Amuron angekaa mbele yake na soksi zake. Kama huyu mwalimu alikuwa anawapotezea watoto wiki tisa kwa kucheza na maji, basi arudi gredi ya kwanza akacheze huko. Aliweka karatasi vizuri gotini.

Wakati huo mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi, pampu ya kunyunyizia dawa iko mgongoni, mpya, kibandiko cha duka bado hakijatoka. Mkononi alikuwa na chupa ya mbolea ya maji.

— Habari zenu. Naitwa Asekenye, natoka Amukura. Samahani, wazee, mnisaidie kabla sijapanda gari. Hii chupa imeandikwa mililita hamsini kwa pampu ya lita ishirini, na ukizidisha inachoma majani. Yangu nimenunua upande wa Uganda, ni ya lita kumi na sita. Sasa niweke ngapi?

Lilikuwa swali dogo.

— Hamsini, alisema Injinia. Lita nne ni nini? Ni mate hayo.

— Imesema inachoma, Asekenye alisema.

— Basi weka nusu, alisema Foleni. Ishirini na tano. Hakuna mtu amewahi kulaumiwa kwa nusu.

— Na ikiwa kidogo sana, si nimetembeza maji shambani?

— Ngojeni, ngojeni, alisema Spidi, akapiga paja. Hii ni rahisi. Ishirini kutoa kumi na sita ni nne. Si ndio? Pampu imepungua nne. Basi na dawa ipungue nne. Hamsini kutoa nne, arobaini na sita.

Foleni na Injinia walitazamana. Ilisikika kama kweli. Injinia alisema hata yeye alikuwa anaelekea hapo.

— Uliza simu, alisema Everline.

— Haina chaji.

— Tupige kura, alisema Foleni. Wa arobaini na sita?

Mikono mitatu ilipanda, na wa Foleni mwenyewe ndio uliokuwa juu zaidi.

— Imepita. Dada, ni arobaini na sita.

Everline hakuinua mkono. Alikuwa anaiangalia ile pampu. Ya bluu, mshipi mweusi, mpini upande wa kushoto. Alikuwa na moja kama hiyo nyumbani, kutoka duka lilelile la upande wa pili. Watu wote wa hapa huiita pampu ya ishirini, kwa sababu baba zao waliita hivyo zile za zamani, na yeye hakuwahi kusoma namba iliyochongwa chini ya kitako chake. Msimu uliopita aliweka hamsini za mbolea hiyohiyo ya maji, akanyunyizia nusu eka ya kunde, na baada ya siku mbili majani yalikauka kando kama karatasi iliyosogezwa motoni. Alienda kwa Benedetta wa duka la dawa akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza bandia. Hawa hawa wa benchi walimpa pole, na wakaipeleka habari ya bandia mpaka Busia.

— Mzee Emorut, alisema. Birika lako kubwa linatoa vikombe vingapi?

— Ishirini.

— Na unaweka kahawa vijiko vingapi?

— Tano.

— Hili dogo?

— Vikombe kumi na sita. Vijiko nne.

— Kwa nini si tano?

Mzee Emorut alimtazama kama amemuuliza kwa nini havai viatu kichwani.

— Kijiko moja ni ya vikombe nne. Nikiweka tano kwa dogo, Injinia atapiga kelele ni kali. Nikipunguza sana, atasema ni maji.

— Nani alikufundisha?

— Nilimwaga nyingi kwanza.

Everline aligeuza barua akaandika nyuma yake, polepole, mwandiko wa mtu ambaye mara ya mwisho alipiga hesabu kwa kalamu akiwa na sare ya sekondari. Lita ishirini ni nne mara tano. Hamsini ni kumi mara tano. Kila lita nne, mililita kumi. Kumi na sita ni nne mara nne. Alipiga mstari. Akaipitia hesabu tena kutoka chini kwenda juu.

— Arobaini, alimwambia Asekenye. Weka arobaini. Pima na kile kikombe chenye mistari, si kifuniko.

— Arobaini. Asante, mama.

Asekenye alitengeneza mshipi begani akaenda kwenye gari lake. Benchi lilimsindikiza kwa macho.

— Lakini kura ilikuwa imepita, alisema Foleni.

— Mzee amepiga hesabu, Everline alisema.

— Hapana, mama. Hiyo si hesabu. Hiyo ni kahawa.

— Na ile ya mabeseni ni nini?

Spidi alichunguza simu yake iliyozima. Injinia alikuwa ameanza kusogeza midomo bila sauti, na mwishowe akainama kwa Mzee Emorut.

— Mzee, sema hiyo ya vijiko tena. Sasa kama tangi ni dogo, na saruji mimi huweka tu ileile...

— Makokha, alisema Mzee Emorut, ile ya kanisa haitoi jasho.

Everline aliendelea kuandika palepale nyuma ya barua, chini ya hesabu. Aliandika kwamba mwalimu Quinton abaki gredi ya sita. Aliandika kwamba Jumatatu mpaka Alhamisi wapime wanachotaka kupima, lakini kila Ijumaa wafanye karatasi ya mtihani wa zamani, isahihishwe, na ije nyumbani mzazi aione. Alifikiri kidogo akaongeza kwamba wakipima maji watoto wavue viatu na soksi. Aliweka sahihi. Akampa Foleni kalamu.

— Mimi nimeshaweka ya mbele, alisema Foleni.

— Ya mbele haina ya tatu, na haitapata.

— Wacha ninywe kimoja nifikirie.

Mzee Emorut aliinamisha birika. Lilitoa tone moja na sauti.

— Kumi na sita zimeisha, alisema.

Injinia aliichukua kalamu kutoka mkononi mwa Foleni, akaweka sahihi nyuma, ndogo kuliko ile ya mbele. Foleni alisema ataamua hukohuko mkutanoni.

Everline alikunja karatasi akainuka. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini, na shule ilikuwa mwendo wa robo saa. Duka la dawa la Benedetta lilikuwa njiani, na siku hiyo ya soko wateja walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Vizuri. Alichosema mara ya kwanza alikisema mbele ya wateja, na msamaha angeuomba mbele yao pia. Alivuka barabara kati ya malori mawili, akaingia dukani, akangoja zamu yake.