Jua Limepiga Bomba

Fundi cherehani alikuwa ndani ya treni, mfuko wa vitambaa mapajani, masikio yakiwa kwa watu wengine. Mbele yake mchimba visima, buti zimejaa tope, alikuwa akimsimulia mwalimu aliyeketi naye.

"Nimechimba miaka mingi, mwalimu, lakini bomba la kisima cha safari hii nilipolishika niliruka. Moto!"

"Ndivyo dunia ilivyo, kaka," mwalimu akasema kwa sauti ya darasani. "Ni kama yai. Juu ganda, chini yake ute, katikati kiini, nacho ni moto kuliko tanuri lolote. Ukishuka, joto linapanda. Lakini ganda ni nene, wewe hujalikwaruza hata."

"Na yai likichemka, kinachotangulia kupasuka ni nini?"

Mwalimu akageukia dirishani. Fundi naye akatazama huko huko, ingawa hapakuwa na cha kutazama.

"Mwenye kisima anajua?" mwalimu akauliza, sauti ya darasani imekwisha.

"Bibi mmoja, mjane. Alipouliza mbona maji ni ya vuguvugu, nikamwambia jua limepiga bomba. Ningesemaje? Alikuwa amefurahi mno."

Fundi akageuka, akamkazia macho mchimba visima. Jua limepiga bomba: maneno hayo hayo mama yake alimwambia juzi kwenye simu kuhusu kisima chake kipya, akicheka kwamba hachemshi tena maji ya kuoga. Na leo alipiga tena, kukiwa bado giza: "Njoo uone, mwanangu, sasa yanafuka mvuke."

Treni ikasimama. Mchimba visima akaaga kwa adabu, akashuka.