Mama Spana na Mashine Aliyoikataa

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza kwa sauti ya upole. Nimekasirika, mtanivumilia.

Tumempoteza Mama Spana, mwanamke wa kwanza kuwa mhandisi wa vifaa tiba katika hospitali yetu kuu. Wa kwanza, jamani! Siku aliyoripoti karakana, mkuu wake alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia, "Dada, ofisi ya makarani iko juu." Akajibu, "Makarani hawajaharibika. Nionyesheni kilichoharibika."

Wakamwonyesha mashine ya joto ya watoto njiti. Walikuwa wameigeuza kabati la vikombe. Akavitoa vikombe, akaifungua, siku ya tatu ikapata joto. Mkuu akanuna wiki nzima.

Alikaa karakana miaka thelathini na moja. Kila mashine ya oksijeni aliyoitengeneza aliipima kwa kipimo cha oksijeni, kisha akavaa mpira wake puani saa nzima, anakunywa chai. Wenzake walimtania, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Hakuwajali. Mashine iliyomshinda aliibandika utepe mwekundu wenye neno moja: Isitumike. Utepe mwekundu, wasikilizaji. Shikeni hapo.

Mwaka jana alistaafu. Wakaja wageni wa ukaguzi. Bosi mmoja, tena mwenye akili zake timamu, akaamuru tepe zibanduliwe ili hospitali ionekane ina vifaa. Mashine zikafutwa vumbi, zikapangwa wodini. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao. Mashine zikabaki wodini.

Wiki iliyopita Mama Spana akalazwa kwa nimonia. Wakamvalisha mpira wa oksijeni. Binti yake alikuwa pembeni. Ananisimulia: "Mama alisikiliza mlio wa ile mashine, akafumbua macho. Akasema, 'Hii niliikataa mimi. Inapuliza hewa ya kawaida tu. Nileteeni kipimo.' Nesi akamwambia, 'Bibi, pumzika, usijichoshe.' Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, 'Mama, tulia, wanajua kazi yao.'"

Wanajua kazi yao! Aliyeijua kazi ndiye aliyekuwa kitandani. Alifariki saa nane mchana. Kipimo kilikuwa karakana, ghorofa moja tu chini yake, na hakuna aliyeinua mguu kwenda kukichukua.

Binti yetu, usijilaumu. Si wewe uliyebandua utepe. Pole sana, wewe, baba yako na wadogo zako. Mama yenu aliwapumulia kwanza wagonjwa asiowajua hata kwa sura, na sisi tukamnyima pumzi. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mnataka jambo la kutafakari? Kabla sijaingia studio nimempigia simu mkuu wa wodi. Nimemuuliza mashine ile iko wapi sasa. Akasema, "Subiri nikaangalie." Nikasubiri. Akarudi.

"Iko kitanda cha sita," akasema. "Inatumika."

Mwenye ndugu kitanda cha sita, usinisikilize tena. Nenda.