Tulichinja Mbuzi kwa Sababu ya Simu

Wapendwa, msinipigie makofi bado. Nimesimama hapa na hasira, na sehemu kubwa najikasirikia mwenyewe.

Binti yangu wa kidato cha nne mnamjua, anaimba hapa kwaya. Mwanzoni mwa mwaka huu kichwa kilianza kumuuma. Anatoka shule, anajilaza, mwanga hataki, mara anatapika. Akisoma hesabu mistari miwili, analia. Na mtihani wa taifa huo unakuja! Mimi niliishia darasa la saba. Huyu ndiye niliyemtegemea afike nisikofika.

Malaria alipimwa mara tatu, hana. Nikamnunulia miwani mnadani, ikamwongezea kizunguzungu. Jirani mmoja hapa Kerende akasema karogwa. Mama mkwe wangu, anayekaa Nyambureti, akakataa: ni marehemu dada yake mwenyewe anadai jina. Si mnajua kwetu, mtoto akisumbuka bila sababu wazee wanatafuta nani kwenye ukoo hajarithiwa jina. Mchungaji unisamehe, hili nilikuficha. Likizo ilipofika tukaenda. Mbuzi akachinjwa, kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa matumbo, kikapikwa, mtoto akapewa jina la marehemu, tukakaa wiki nzima.

Ndugu zangu, nawaambia, kichwa kilipona! Siku ya nne mtoto anacheka, anateka maji, analala mapema. Mama mkwe akatamba ukoo mzima, na mimi nikashukuru sana.

Tukarudi nyumbani. Siku nne tu, kichwa hicho hapo. Nikampigia mama mkwe, akanijibu, "Huko mnamwita jina la zamani, ndiyo maana. Leteni mbuzi mwingine." Nililia kwa hasira. Mbuzi mwingine nimtoe wapi mimi?

Ndipo nikamrudisha zahanati. Nesi wetu ni mgeni, kapangiwa kazi huku akitokea Tanga. Nikamweleza yote, hata mbuzi. Akaniuliza, "Samahani mama yangu, huyu anashika simu muda gani kwa siku?"

Nikamjibu vibaya. "Wewe nesi, nimekuletea kichwa, unaniuliza simu?"

Hakukasirika. Akamgeukia binti. "Kule kwa bibi ulipopona, simu ulikuwa unaichaji wapi?"

Binti akainama. "Kule hakuna umeme. Ilizima siku ya pili."

Mbuzi wa watu, jamani! Nilitamani sakafu inimeze.

Simu hiyo nilimpa mimi, ili atulie ndani asizurure kwenye vijiwe vya wachimbaji wa dhahabu. Nikawa najisifu kwamba mwanangu hatoki. Kumbe akirudi shule anainamia video mpaka usingizi umshinde, maji hanywi, chakula kinapoa pembeni. Nesi alisema kichwa kina sababu nyingi, kwa hiyo tusiache kurudi kuangaliwa, lakini tuanze na hapo: simu ipungue, alale, ale, anywe maji.

Nikamnyang'anya. Vita ikaanza. Siku mbili hakunisemesha, ya tatu akanipasulia, "Mama, mbona wewe unaangalia tamthilia mpaka ugali unaungua?" Mkono uliinuka nimchape. Lakini ugali ulikuwa umeungua kweli, harufu ilikuwa bado jikoni. Basi simu zote mbili zikaingia kwenye debe la mahindi, kila jioni, na kifuniko juu. Mnacheka? Wewe hapo nyuma unayebonyeza, nimekuona.

Huu ni mwezi wa pili tangu tuanze. Sitawadanganya kwamba kimeisha, bado kinamshika mara mojamoja. Ila wiki iliyopita alikaa mbele yangu akakokotoa hesabu ukurasa mzima, halafu akaniuliza, "Mama, umeelewa?" Sikuelewa hata namba moja. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Namshukuru nesi, aliyevumilia mdomo wangu. Nawashukuru akina mama wa jumuiya mliokuja kukaa na mgonjwa wakati mimi niko shamba. Namshukuru hata mama mkwe, ambaye mpaka leo anasema jina ndilo limefanya kazi, limechelewa tu. Mwacheni, anampenda mjukuu wake.

Mwenye mtoto anayeumwa anisikie. Mimi niliuliza jirani, nikauliza ukoo, nikauliza mpaka waliokufa. Mwenye kichwa chake alikuwa amelala chumba cha pili, na yeye ndiye aliyeulizwa wa mwisho.