Udongo Juu ya Kidonge

Mtumbwi wa injini ulipoiacha Lubunga kuvuka mto, Mama Kanyere alimeza kidonge chake cha madini ya magnesi, kisha akamega kipande cha mabele, ule udongo wa kutafuna, akakitia mdomoni. Mgongo ulikuwa ukimuuma mwaka wa tatu sasa, na vidonge alivyoanza tangu Pasaka havijampunguzia hata kidogo.

Lydie, muuza samaki aliyekaa kando yake, alikuwa amesogeza kapu lake ili mama anyooshe mguu. Sasa alimtazama mdomo.

"Mama, unakula mabele juu ya dawa? Infirmier wa kituo cha afya alituambia udongo inakamata ile madini ndani ya tumbo. Mwili haipate kitu."

"Ah! Wewe unauzisha samaki ao uko docteur?"

"Nauzisha samaki, lakini masikio niko nayo, mama."

Abiria wa nyuma, waliojifanya wamelala, wakacheka. Mama Kanyere naye alicheka, ila vidole vyake viliubana mfuko wa udongo.

"Bila mabele natapika dawa yote."

"Alors, ngoja masaa mbili, ndio utafune. Jaribu tu wiki moja."

Mama Kanyere alimsogelea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naogopa, mutoto yangu. Nikifanya vile na maumivu ibakie, nitajua dawa yenyewe haiwezi. Nitabakia na nini?"

Mtumbwi uligonga ukingo wa ng'ambo. Watu wakainuka wote pamoja kugombea kushuka, na Lydie akaliacha kapu lake pale chini, akampa mama mkono ili ashuke.