Agathe Sikujua, Mama wa Georgette: Kutoka Kitutu hadi Cimpunda, 1934–1959

Padri wetu, wazee wetu, bamaman na bapapa, majirani wa Cimpunda, nanyi nyote mliotusindikiza hadi hapa kaburini: mimi ni Eulalie Wabiwa, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Pale ambapo mimi mwenyewe nimo, nitajitaja kwa jina, maana habari hii ni yake.

Agathe Sikujua alizaliwa tarehe 14 Februari 1934 huko Kitutu, katika territoire ya Mwenga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Adalbert Kalume, mchimbaji wa dhahabu, na wa Clémence Bitondo, mkulima. Baada yake walizaliwa wavulana wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, kisha, mwaka 1940, akazaliwa Eulalie. Baba yao alifunikwa na udongo machimboni mwaka 1945. Mama aliwalea kwa shamba la muhogo na mafuta ya mawese hadi Juni 1949, homa ilipomwondoa kwa muda mfupi sana.

Baada ya kumzika mama, wazee walikaa kugawana watoto. Mkubwa aende kwa shangazi, mdogo aende kwa mjomba. Agathe alikuwa na miaka kumi na mitano, na msichana wa umri ule hakutakiwa kusema mbele ya wazee. Akasimama, akasema, "Mukitutenganisha, nitamufwata kwa miguu, fasi yote mutamupeleka." Walimkemea, lakini hawakuwatenganisha. Walimwandikia baba mdogo wao, papa Honoré, aliyekuwa karani hapa Bukavu, naye akajibu kwamba waje wote wawili.

Walisafiri Agosti mwaka ule juu ya lori la mafuta ya mawese, wakiwa wamekaa katikati ya mapipa. Kule juu Walungu baridi iliwapata vibaya. Agathe alimfunika mdogo wake kwa kitenge chake, naye akabaki na gauni tu, akiimba nyimbo za kanisani njia nzima. Eulalie alimwuliza kwa nini sauti yake inarukaruka hivyo. Agathe akamjibu kwamba ndivyo wimbo unavyoimbwa Bukavu. Kumbe alikuwa anatetemeka. Mji wenyewe bado ulikuwa unaitwa Costermansville wakati huo, na Eulalie aliingia ndani yake akiamini kwamba watu wa huku huimba kwa kutetemeka.

Masomo ya Agathe yalikuwa mafupi. Kitutu alifika mwaka wa nne wa shule ya misioni. Hapa Bukavu hakupata nafasi darasani kwa sababu ya umri, akaandikwa kwenye foyer ya wanawake ya Kadutu, alikojifunza kushona, kufuma, kupiga pasi na kusema Kifaransa kidogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwaka 1952 alianza kazi ya kushona na kupiga pasi katika nyumba moja ya Nguba, kando ya ziwa, na mshahara wake ndio uliomvisha na kumsomesha Eulalie katika shule ya masista. Alitaka mdogo wake awe mwalimu. Alilisema jambo hilo mapema mno, na mara nyingi mno, hadi maman Jeanine, mke wa papa Honoré, akawa anamwita mtoto wa miaka kumi na miwili "mademoiselle monitrice", yaani bibi mwalimu, anapomtuma kuchota maji.

Hapo Ibanda, kwenye duka la vitambaa alikonunua uzi, Agathe alifahamiana na kijana mmoja muuzaji, Déogratias. Walipendana, wakaahidiana ndoa. Mwanzoni mwa 1955 Agathe aligundua kwamba ana mimba.

Ndugu zangu, sehemu hii ningeweza kuipita. Siipiti, na sababu yake mtaisikia.

Papa Honoré alikuwa ameomba carte du mérite civique, kile cheti cha serikali cha mwenendo bora, na watu wa tume walitarajiwa kuja kukagua nyumba yake, meza yake, vitanda vyake na mwenendo wa watu wake. Alimwita Déogratias pamoja na kaka yake mkubwa, wakakaa sebuleni. Alimwuliza kijana kwa upole kama mimba ni yake. Déogratias aliangalia chini, akasema, "Mimi sijui." Kaka yake akamwuliza tena. Akajibu vilevile. Papa Honoré alipotaka kuuliza mara ya tatu, Agathe alimzuia.

"Tonton, musimuulize tena. Amesha kusema. Mutoto nitamuzaa miye."

Baada ya majuma machache Déogratias alihamishiwa Goma. Bibi wa kule Nguba alimwambia Agathe asirudi kazini. Papa Honoré naye, akiwa na hofu ya tume, alimwambia atafute mahali pengine pa kukaa, ila Eulalie abaki ili amalize shule. Agathe alikubali. Alifunga nguo zake, akapanga chumba Cimpunda, mtaa wa Kadutu, kwa maman Mwamvua, mjane wa mzee Amisi wa Uvira, mama Mwislamu aliyekuwa anauza vitumbua asubuhi.

Jioni ya siku hiyohiyo Eulalie alifika mlangoni akiwa na godoro kichwani. Agathe alikasirika kweli.

"Rudia kwa tonton! Sikukutoa Kitutu ju ya kuja kufua nguo za mutoto."

"Sirudi."

"Na masomo?"

"Shule haiko mbali. Nitaenda asubui, nitarudi hapa."

"Eulalie, bantu watakucheka."

"Batucheke wote wawili."

Maman Mwamvua alikuwa anapepeta mchele uani. Alisema bila kuinua kichwa, "Godoro iko nalowana na umande. Muliingize kwanza, kisha mugombane." Wakaliingiza. Ugomvi haukuendelea.

Shuleni kulikuwa na tatizo. Masista walitaka mtu mzima wa kumsimamia mwanafunzi, na papa Honoré alikuwa amejitoa tangu Eulalie alipohama kwake. Maman Mwamvua alivaa kanga yake mpya, akampeleka Eulalie mwenyewe. Mère Sophie, mkuu wa shule, alimtazama akamwuliza kama yeye ni ndugu wa mtoto huyu. Maman Mwamvua akajibu:

"Ma mère, analala kwangu, anakula kwangu, akigonjwa ni miye nakesha naye. Mu Kifaransa banaita ile namna gani?"

Mère Sophie alifungua daftari lake. Kisha akasema, "Tutrice," yaani msimamizi.

"Basi, andika ile."

Akaandika. Eulalie hakukosa darasa.

Miezi ile haikuwa rahisi. Kwenye bomba la maji wasichana walitunga wimbo juu ya Agathe, kwa hiyo Eulalie ndiye aliyekwenda kuchota. Siku moja alimmwagia mmoja wao ndoo nzima kichwani, akarudi nyumbani anajisifu. Agathe alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamshika mkono, wakarudi pamoja bombani, akamwamuru kuijaza ndoo ya yule msichana na kumbebea hadi kwao. Mama wa msichana alipotoka na kuona Agathe na tumbo lake, amesimama mlangoni anaomba radhi, aliwapa viti. Walipokuwa njiani kurudi, Agathe alianza kucheka, akacheka hadi akalazimika kukaa kando ya njia na kushika tumbo. Alisema, "Ile sura ya mutoto wake, kama kuku ya mvua!" Wimbo ule haukuimbwa tena bombani.

Georgette Mwamvua alizaliwa tarehe 3 Septemba 1955 asubuhi. Eulalie hakuruhusiwa kuingia, akakaa kwenye ngazi za maternité akisoma verbes zake za Kifaransa kwa sauti kubwa ili dada yake amsikie kupitia dirishani. Agathe alisema baadaye kwamba alikuwa anamsikia, na kwamba alitamani sana kumrushia kiatu. Mtoto alipewa jina la maman Mwamvua, ambaye alipoambiwa aliingia chumbani kwake na kufunga mlango, akatoka macho yamevimba.

Kwa vipande vya vitambaa Agathe alimshonea mtoto nguo, na wamama waliokuja kumwona wakamwomba awashonee wa kwao. Hivyo ndivyo alivyopata kazi yake. Watoto wengi waliozaliwa Kadutu tangu mwaka ule walivikwa kwanza nguo iliyotoka mikononi mwake, na baadhi yao wako hapa, wanacheza pale nyuma.

Cherehani yake ilikuwa imewekwa juu ya sanduku. Alimwita seremala kijana wa mtaa wa pili, Barthélemy, amtengenezee meza. Barthélemy aliitengeneza taratibu kupita kiasi. Kila siku kulikuwa na mguu mmoja wa kurekebisha. Hatimaye Agathe alimwambia wazi, "Papa Barthélemy, kama uko nakuya ju ya meza, meza imeisha. Kama uko nakuya ju yangu, ujue niko na mutoto."

Barthélemy akajibu, "Nimemuona. Ndiyo yeye ananipokeaka ku mulango."

Kabla ya harusi Agathe alikwenda mwenyewe kwa papa Honoré kumwomba amwingize kanisani.

"Nilikufukuza," papa Honoré akamwambia.

"Ndiyo, tonton. Na mbele ya pale ulitupokea. Nakumbuka yote mbili."

Papa Honoré alivaa suti yake, akamshika mkono, akamwingiza. Ndoa ilifungwa tarehe 27 Julai 1957 katika parokia ya Kadutu. Georgette alikaa kwenye magoti ya maman Mwamvua, benchi ya mbele, jambo ambalo padri aliliona, akatabasamu.

Januari 1958 Déogratias alirudi kutoka Goma pamoja na wazee wawili na mbuzi. Alikuwa ameoa na hakuwa amepata mtoto. Walisema wamekuja kuchukua damu yao. Agathe aliwapikia bugali na ndagala, akawaacha wale washibe, kisha akakaa mbele yao. Barthélemy alikuwa kando yake.

"Déo," Agathe akasema, "ile siku walikuuliza, ulisema haujui. Miye sikukutukana, na leo sitakutukana. Mbuzi, murudie nayo. Mutoto ni wako pia, sikatai. Ukitaka kumuona, kuja, bisha mulango, tutakupa kiti. Lakini kumubeba, hapana. Iko na baba hapa, na iko na kwao."

Mzee mmoja alitaka kubisha. Mwingine alimgusa goti, akasema, "Twende. Ametujibu vizuri." Déogratias alikuja mara mbili baadaye, akamletea mtoto viatu, akapewa kiti kama alivyoahidiwa.

Mwaka huohuo Eulalie alipata diploma yake ya ualimu. Agathe alikuwa amemshonea gauni la bluu kwa siku ile, na shuleni alipiga makofi kabla jina halijamalizika kusomwa.

Ugonjwa ulianza Februari ya mwaka huu. Alipopanda kutoka sokoni kwenda Cimpunda alikuwa anasimama njiani na kusalimu kila mtu, akiuliza habari za wagonjwa, za shamba, za kuku. Wengi wenu mlidhani amezidi kupenda maongezi. Alikuwa anatafuta pumzi. Miguu ilipoanza kuvimba, Barthélemy alimpeleka hospitali, na daktari akasema ni moyo, na kwamba pengine alikuwa nao hivyo tangu utotoni. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akashona tena, akalazwa tena mwezi wa Oktoba. Kitandani alikuwa mtulivu. Alitaka tu mlango uachwe wazi ili aone watu wanavyopita.

Siku moja alimwambia Eulalie, "Siku mutasoma maisha yangu, musimufiche Georgette. Musiseme amezaliwa mu ndoa. Museme amezaliwa Cimpunda, kwa maman Mwamvua, na sisi wawili tulikuwa tunamungojea."

"Dada, bantu watasema."

"Balisha kusema. Sasa asikie kwetu."

Ndiyo maana sikuipita sehemu ile.

Agathe alifariki Jumanne tarehe 10 Novemba 1959, saa nne asubuhi, akiwa na mume wake upande mmoja na mdogo wake upande mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Jana familia ilikaa nyumbani kwa papa Honoré kuzungumza juu ya mtoto. Kuna waliosema apelekwe Mwenga, kwa ukoo wa mama. Kuna waliosema Déogratias aandikiwe. Barthélemy alisikiliza wote, kisha akasimama, na sauti yake ilikuwa ndogo sana: "Asubui ya leo ameamuka, amelomba uji wake. Nimemupikia. Kesho pia nitamupikia. Sijui kusema zaidi." Akakaa. Papa Honoré, aliye mkubwa wa ukoo wetu hapa Bukavu, akakata neno: Georgette anabaki kwa papa yake Barthélemy, na Eulalie atahamia nyumba iliyo jirani nao. Hakuna aliyepinga.

Marehemu Agathe Sikujua ameacha mume wake Barthélemy. Binti yake Georgette Mwamvua, mwenye miaka minne. Mdogo wake Eulalie. Baba yake mdogo Honoré na maman Jeanine. Na maman Mwamvua, ambaye amekaa hapa mbele, na ambaye familia inaomba apewe rambirambi za mama mzazi.

Dada, umetembea sana. Mungu akupokee, upumzike katika amani yake. Georgette tuko naye.